Kunde za Lynnette

Kijiko cha tatu kilirudi kama vilivyorudi viwili vya kwanza. Lynnette hakulia wala hakuusukuma mkono wa mamake. Alifungua kinywa, akakipokea kijiko kilichojifanya tuktuk, kikinguruma na kuingia getini, akafunga, akatafuna mara mbili, kisha akainamisha kichwa na kuyaachilia majani ya kunde yashuke polepole kidevuni mpaka kwenye kipande cha leso alichofungwa kifuani. Halafu akanyoosha mkono kuomba kikombe cha maji.

"Meza kwanza," Nafula alisema. "Kidogo tu, mama."

"Taki."

Alikuwa na miaka miwili na miezi minne, na neno hilo alilijua vizuri kuliko jina lake. Kila asubuhi, kabla Nafula hajatoka kwenda kufua nguo za watu Mkomani, walikaa hivi kwenye jamvi mlangoni, mama amekunja miguu, mtoto amebanwa katikati ya magoti, sahani ya bati pembeni. Nafula alikuwa amekwisha kukatakata mboga mpaka zikawa kama ugoro. Alikuwa amezificha ndani ya tonge la ugali, akazipondaponda na kiazi, akaziimbia, akajifanya anazila yeye kwa tamaa. Lynnette alimtazama akila, akapiga makofi, akafunga mdomo. Chai alikunywa. Mandazi ya dukani alikula, na ndizi, na viazi karai vya pale njiani. Chochote kilichotoka kwenye sufuria ya nyumbani alikionja kwa ncha ya ulimi kama mtu anayepima kama pasi imepata moto.

Nafula alikuwa amechota kijiko cha nne aliposikia hodi.

Aliyeingia ni Caroline, mhudumu wa afya wa mtaa, na kizibao chake cha buluu na mkoba wa turubai begani. Alikaa Barsheba, nyumba chache kutoka pale, na kwa kawaida alipita Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne.

"Kliniki wameileta mbele," alisema kabla ya kuulizwa. "Maafisa wa lishe wanakuja leo zahanati. Kuna mafunzo ya mapishi, kuna wageni na kamera zao. Watoto wote wa orodha wapimwe leo. Kila mama aje na mboga yake." Akachuchumaa. "Hebu nipe mkono, Lin."

Alitoa ule utepe wa rangi tatu wa kupimia utapiamlo, akauzungusha juu ya kiwiko cha mtoto, akavuta. Alama iliangukia kwenye njano, lakini njano ya mwishoni kabisa, pale nyekundu inapoanza. Caroline alivuta tena, taratibu zaidi, kana kwamba utepe ungebadili maoni.

"Nafula," alisema, sauti imeshuka, "leo ni mara ya tatu. Mara mbili hajaongeza kilo. Asipoongeza na leo, Kefa wa lishe amesema anapeleka majina ofisi ya watoto."

"Jina ya mtoto?"

"La mama. Ataandika mama anazembea. Na vile vipaketi vya njugu watakata."

Nafula alitazama chini kwenye sahani. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema. Kwamba vile vipaketi vya njugu iliyosagwa ndivyo vilivyokuwa vikimshikilia Lynnette tangu alipoacha ziwa. Kwamba hajauza hata kimoja, ingawa walikuwapo waliouliza. Lakini tangu afike Mombasa, miaka minne sasa, kila alipofungua mdomo dukani watu walicheka Kiswahili chake cha bara, na mwenye duka aliwaita wenzake waje wasikie. Alikuwa amezoea kuonyesha kwa kidole kitu anachokitaka. Mambo yale mengi yalishuka yakarudi yalikotoka.

"Sawa," alisema. "Nitakuja."

Caroline alipoondoka, Nafula aliandika ujumbe kwa simu kumwambia mama wa Mkomani kwamba leo angechelewa, mtoto ana kliniki. Jibu lilirudi hata hajafunga leso: *Usijisumbue leo. Kuna mwingine hapa getini.* Akausoma mara mbili kutafuta kama kulikuwa na neno *kesho* ndani yake. Halikuwamo.

Nje, Jefwa alikuwa amekwisha ingiza mkokoteni wa maji uani.

Mfereji wa ua ule ulikauka kabla Lynnette hajazaliwa. Ulikuwa bado umesimama kando ya choo, umefungiwa kamba ya kuanikia nguo, na kila mpangaji mgeni aliufungua siku ya kwanza, akasikiliza pumzi zake, kisha akaenda kununua mitungi. Jefwa aliuza maji ya aina mbili. Mitungi ya kifuniko chekundu ilikuwa ya maji matamu, yaliyochotwa mbali ambako mifereji bado ilitoa. Mitungi ya kifuniko cheusi ilikuwa ya kisima cha pale chini, maji mazito ya chumvi yanayoifanya sabuni igande kama maziwa yaliyokatika. Kanuni haikuandikwa popote lakini ua mzima uliishika: matamu ni ya kunywa na ya chai, ya kisima ni ya kila kitu kingine.

"Matamu mangapi leo, mama Lin?"

"Moja."

"Yamepanda, lakini. Sitini."

"Jana si ilikuwa hamsini?"

"Jana mimi nililala. Leo nimesimama foleni tangu saa tisa ya alfajiri, wallahi, na mbele yangu watu wana malori." Aliushusha mtungi mwekundu kwa goti. "Ya kisima hayajapanda. Hayo wauziwa na chumvi bure."

Alisema hivyo kila siku, na kila siku mtu mmoja alicheka. Leo alicheka Kaviha, jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kifuu kikizunguka kiganjani mwake bila kukitazama. Kaviha alikuwa mtu wa Ganze, mama wa watoto wanne waliokwisha kuwa na wao, na ulimi wake haukupumzika hata akiwa na mafua.

"Nimemsikia Caroline," alisema. "Si kwamba nasikiliza. Ukuta wenyewe ni mwembamba. Ati mwanao hali?"

"Hataki mboga, mama."

"Mwanao si mgonjwa. Mwanao ana dharau. Na nitakwambia dharau imetoka wapi. Ni yale maji yako ya jivu."

Alimaanisha munyu. Mamake Nafula aliutengeneza kule Chwele, akichuja maji kwenye jivu la maganda ya maharagwe, akautia kwenye chupa ya soda na kuutuma kwa basi. Kwao, mboga ngumu haiivi bila munyu. Na hapa Kisauni kunde zilikataa kuiva kabisa. Nafula alizichemsha mpaka makaa yakaisha, akaongeza maji, akaongeza munyu, akachemsha tena.

"Niliwacha," Nafula alisema. "Wiki mbili sasa sitii. Bado anatema."

"Na chumvi?"

"Sitii. Si uliniambia."

Hilo alifundishwa juma la kwanza la kuhamia hapa. Alikuwa ametia chumvi kwenye sufuria kama wanavyofanya watu, na Dishon, mumewe, akatoka nje kutema. Kaviha alimcheka mpaka akashika mbavu: hapa chumvi hainunuliwi, mwanangu, hapa chumvi yaja na mkokoteni.

"Basi ni tui," Kaviha aliamua. "Kunde bila tui ni chakula cha ng'ombe. Changanya na mchicha, changanya na mchunga kidogo, tia tui la kwanza zito, uone kama atatema."

"Nilitia, mwezi jana. Alikula vijiko tano."

"Waona sasa?"

"Nazi nitatoa wapi kila siku?"

Kaviha aliacha kukuna. Alitazama kifuu, akamtazama mtoto aliyekuwa amekaa kizingitini akinywa maji matamu kwa mikono miwili, akashika tama. "Hilo nalo neno," alisema, akarudi kukuna.

Nafula alifunga nusu ya shada la kunde lililobaki, lile ambalo nusu yake ndiyo iliyotemwa asubuhi hiyo. Usiku alikuwa amelifunika kwa kitambaa kibichi na majani bado yalikuwa na nguvu. Akambeba Lynnette mgongoni. Alikuwa mwepesi. Watu walisema ni vizuri mtoto akiwa mwepesi, hachoshi mgongo, na Nafula aliwachukia kwa hilo bila kuwaambia.

Zahanati ilikuwa imepakwa rangi mpya ukuta mmoja tu, ule wa mbele. Uani walikuwa wamefunga hema jeupe, na chini yake meza yenye kitambaa, jiko la gesi, sufuria mbili zinazong'aa, na bango la sahani iliyogawanywa kwa rangi tatu. Wageni wawili walikaa kwenye viti vya plastiki wakijipepea kwa bahasha. Kina mama wapatao ishirini walipanga foleni juani, ng'ambo ya hema, na mashada yao ya mboga mikononi.

Mizani ilining'inia kwenye mti wa mwarobaini. Lynnette alitiwa miguu kwenye ile suruali ya kitambaa, akaachiliwa, akazunguka polepole hewani akimtafuta mamake kwa macho. Kilo tisa na gramu mia moja. Mwezi uliopita ilikuwa tisa na mia tatu.

Aliyekuwa akiandika ni Kefa, afisa wa lishe, kijana wa bara kama Nafula mwenyewe, aliyejifunza kuongea kana kwamba kila mtu aliye mbele yake amekaa darasani.

"Ameshuka," alisema. "Mama, nyumbani unampa nini?"

"Kunde. Mchicha. Sukuma siku ingine."

"Anakula?"

"Anatema."

"Kwa nini anatema?"

"Sijui."

"Hujui." Akaandika hivyo hivyo. "Mama, mboga ni chakula cha bei nafuu kuliko vyote. Hakuna kisingizio. Mtoto hazaliwi anajua kukataa. Anafundishwa kukataa. Ukimpa mandazi leo, kesho atataka mandazi."

"Ni mandazi tu anakubali."

"Ndiyo hiyo ninayosema," Kefa alijibu, akainua mkono kumwita anayefuata.

Hotuba ilichukua karibu saa nzima. Kefa alieleza rangi za sahani. Aliwauliza kina mama faida za kijani, wakajibu kwa pamoja: damu. Faida za rangi ya machungwa: macho. Walikuwa wanajua. Mama mmoja mwenye pacha alikuwa ameyajibu maswali haya mara nne tangu mwaka uanze, na mikono ya pacha wake bado ilikuwa kwenye njano. Mgeni mmoja alipiga picha ya bango, kisha picha ya kina mama wakilitazama bango.

Ndipo ikaja zamu ya mapishi, na mpishi akawa Caroline, amefunga aproni juu ya kizibao chake.

"Tuanze na hizi," Kefa alisema, akichagua kwenye lundo la mboga za kina mama. "Hizi kunde ni za nani?"

Nafula aliinua mkono.

"Vizuri. Mtoto wake amepungua leo gramu mia mbili. Anasema mtoto hataki mboga. Tutaona."

Caroline aliyachambua majani, akayaosha, akayakata. Kitunguu kimoja, nyanya moja, mafuta kijiko kimoja. Maji akayamimina kwenye sufuria, akafunika. Nafula alimfuata kila hatua kwa macho, akitafuta siri. Kitunguu yeye naye hukikata hivyo hivyo. Nyanya huitia wakati huo huo. Kisu chenyewe kilikuwa butu kuliko chake. Baada ya muda mfupi sana, muda ambao nyumbani kunde hazijaanza hata kulegea, Caroline alifunua na majani yalikuwa laini, ya kijani kibichi.

Walipakua kwenye sahani ya kaure. Kefa akamwita Nafula mbele, akamkalisha kwenye kiti kilichoelekea kamera, na Lynnette mapajani. Nafula alishika kijiko. Alikuwa na haya hata ya kuifanya tuktuk ingurume mbele za watu, kwa hivyo alikipeleka kimya.

Lynnette alifungua, akafunga, akatafuna mara mbili. Nafula akaweka kiganja chake chini ya kidevu cha mtoto, kama alivyozoea, kupokea.

Hakikushuka kitu. Lynnette alimeza. Akatazama sahani, akatazama kijiko kilivyochelewa, akakinyakua mwenyewe.

Alikula zote. Alikula kwa pupa, kwa kijiko kisha kwa mkono, mpaka majani yakamganda shavuni, na alipomaliza akaigeuza sahani kutazama kama chini yake kulikuwa na nyingine. Kamera ililia kama panzi. Mmoja wa wageni alikuwa amesimama.

"Mmeona?" Kefa alisema. "Kunde ni zile zile, za mama huyu huyu. Mtoto hana tatizo. Tatizo liko jikoni kwake."

Kina mama walicheka. Si kwa ubaya. Walikuwa wamesimama juani muda mrefu na kicheko kilikuwa kitu cha bure. "Watu wa bara hupikia jivu," sauti moja ilisema nyuma, na wakacheka tena. Kefa naye alitabasamu kidogo, mtu wa bara aliyesahau kwao.

Nafula alikaa palepale. Masikio yalimuwaka. Mchuzi kidogo ulikuwa umebaki kwenye sahani, na kwa sababu hakujua pa kutazama, aliuchovya kwa kidole akauonja.

Ilikuwa ladha ya jani. Nyuma yake kulikuwa na utamu mdogo, kama wa njugu mbichi, ambao aliujua lakini hakuukumbuka mara moja; kisha akakumbuka jiko la mamake, na mvua, na sufuria iliyojazwa chini ya michirizi ya bati. Miaka minne hakuwa amekula kunde. Alikuwa amekula kitu kingine kwa jina hilo, akakizoea, akausahau ulimi wake, na aliyekuwa hajasahau nyumbani mwake ni mmoja tu, ambaye hakuwa na la kusahau.

Aliinuka kurudisha sahani. Chini ya meza, nyuma ya kile kitambaa, kulikuwa na chupa kubwa za maji za ofisini, zile za kugeuzwa kichwa chini. Mbili zilikuwa tupu. Caroline alikuwa ameikumbatia ya tatu, akimimina kwenye sufuria ya pili.

"Caroline. Hii maji ni ya wapi?"

"Wamekuja nayo. Ya ofisini kwao."

"Kwani hapa hakuna kisima?"

"Kipo. Pale nyuma ya maabara."

"Si ungepikia hiyo?"

Caroline aliiweka chupa chini. Alifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, kisha wa pili, akatazama kule Kefa aliko.

"Mwaka jana tulipikia ya kisima," alisema chini chini. "Wageni wengine, hema hili hili. Watoto walitema wote, mbele ya kamera. Mmoja alitapika. Kefa akasema tusirudie, siku ya mapishi maji yawe yanatoka ofisini."

Nafula aliiweka sahani mezani.

"Na wako," aliuliza, "wako wanakula mboga?"

"Wangu?" Caroline aliinua chupa tena. "Wangu wanakula mandazi."

Kina mama walikuwa wameanza kupanga foleni mpya mbele ya meza ya Kefa kwa ajili ya vipaketi. Nafula alisimama kwenye foleni kwa sababu alikuwa amekuja kwa ajili ya hivyo. Mbele yake, mama wa pacha aliweka sahihi, akachukua vipaketi vyake, akaondoka bila kusoma. Nyumba za Mkomani alizofulia zilikuwa na matangi juu ya dari, na Ijumaa aliosha sakafu ya gereji kwa bomba, maji matamu yakitoa povu mpaka mtaroni. Aliwaza hilo na hasira ikamwingia taratibu, si kali, bali nzito, kama mtungi unavyojaa.

"Jina la mtoto?"

"Lynnette."

Kefa alipindua kurasa, akapata fomu. "Haya mama, leo una bahati. Wageni wamefurahi na mtoto wako. Sikupeleki ofisi ya watoto." Alionyesha kwa kalamu. "Hapa kwenye sababu ya uzito kupungua, nimeandika: *mtoto mchaguzi, mama hajui mapishi*. Hapa chini: *mama ameelimishwa*. Weka sahihi, chukua paketi zako."

"Na mwezi ujao?"

"Mwezi ujao ataongeza, kwa sababu umeelimishwa."

"Asipoongeza?"

"Basi itakuwa si kutojua tena. Itakuwa kukataa." Alisema bila ukali, akimsukumia kalamu. "Na hapo sitaweza kukusaidia."

Vipaketi kumi na vinne vilikuwa vimefungwa kwa mpira, tayari, karibu na kiwiko chake. Lynnette alivitambua. Alinyoosha mkono kutoka kwenye kiuno cha mamake, vidole vikifunguka na kufumba.

Nafula alishika kalamu. Akaitazama ile mistari miwili. Akasema kitu.

"Nini?" Kefa aliuliza.

"Si mapishi," Nafula alisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Mama, ongea, watu wanangoja."

"Sema, dada," alisema mama aliyekuwa nyuma yake. "Usimwogope, kwani atakuuma?"

"Si mapishi. Ni maji. Mimi napikia maji ya kisima. Kwetu wote tunapikia hiyo. Andika maji."

Mtu alicheka, labda kwa kile Kiswahili, labda kwa mazoea. Safari hii hakuna aliyejiunga naye.

"Hapa hakuna sehemu ya maji," Kefa alisema. Aliigeuza fomu amwonyeshe, kwa subira, kama mtu anayemwonyesha kipofu ukuta. "Kuna kutojua, kuna uzembe, kuna maradhi. Mambo ya maji si idara yangu. Mimi ni lishe."

"Na ile chupa ya chini ya meza ni idara ya nani?"

Chini ya hema, mgeni mwenye kamera aligeuka kutazama. Caroline alisimama na kifuniko cha sufuria mkononi, mvuke ukimpanda usoni, na hakukirudisha.

"Mama," Kefa alisema, sasa kwa sauti ya chini, akiinama mbele, na kwa mara ya kwanza akizungumza kama watu wa kwao wanavyozungumza, "si uweke tu sahihi uende. Mimi nakusaidia. Usipoweka siwezi kukupa paketi."

Nafula aliilaza kalamu juu ya fomu bila kuweka sahihi. Akaushusha mkono wa Lynnette, akaufunika kwa wake.

"Miezi mitatu umeniandika," alisema, na hakujali tena nani anasikia Kiswahili chake. "Ati mtoto anachagua, ati mimi sijui kupika. Umeniambia mbele ya watu, na mimi nikanyamaza, nikarudi nyumbani nikakatakata mboga kama mjinga. Mtoto wangu hachagui. Umemwona akila. Hiyo maji mtu mzima anazoea, mtoto hazoei. Na wewe ulikuwa unajua. Wote mnajua. Ndiyo maana mlikuja na yenu."